Mama Aliyehamia na Kazi ya Uongozi

Somo la redio la elimu ya watu wazima kwa wasikilizaji wa Karagwe na Kyerwa

  Aliye jikoni na asogee karibu, mwenye redio aongeze sauti, na katibu wa kila kikundi awe tayari na daftari na kalamu, maana mwishoni yako maswali ya kuzungumza.

Somo la leo limetokana na swali. Miezi michache iliyopita nilikitembelea kikundi kimoja cha akina mama wa kuweka na kukopa. Mweka hazina wao alikuwa mama wa makamo, aliyezaliwa ng'ambo ya Mto Kagera akaolewa huku. Daftari lake la hesabu lilikuwa safi, wala hapakuwa na shilingi iliyopotea mikononi mwake. Siku ile wenzake walikuwa wakimshawishi agombee uongozi wa kijiji. Mara sauti ikatoka nyuma: "Lakini huyu si wa kwetu. Ana haki gani?" Watu wakanyamaza. Yule mama akalifunga daftari lake, kisha akanigeukia mimi: "Mwalimu, wewe ndiye uliyesoma. Je, ni kweli?"

Sikuwa na jibu la kutosha. Nilimwomba anipe muda, nikaenda kuzisoma sheria na kuwauliza wanaozifahamu. Jibu nililolipata ni refu kidogo kuliko ndiyo au siyo, nalo lawahusu watu wengi wa wilaya zetu hizi mbili. Kwa hiyo nimeona nilitoe mbele yenu nyote.

SISI NA WAGENI WETU

Kwanza tujitazame wenyewe. Mpaka mwaka 2012 Karagwe na Kyerwa zilikuwa wilaya moja. Magharibi yetu ni Rwanda, na kaskazini ni Uganda. Pale Murongo watu huvuka kwenda sokoni na kurudi siku ile ile. Watu wa pande hizi walioana tangu zamani, kabla mkoloni hajachora mpaka. Baada ya machafuko ya Rwanda ya mwaka 1959 walikuja wakimbizi, na mwaka 1980 Serikali yetu iliwapa uraia wengi miongoni mwa Wanyarwanda waliokuwa nchini. Mwaka 1994 walikuja wengine kwa maelfu, wakakaa makambini hata mwisho wa mwaka 1996. Na mwaka 2013 ilitolewa amri kwamba wanaoishi mkoani Kagera bila kibali waondoke. Maelfu waliondoka, na zipo nyumba ambamo mume alibaki na mke akavuka mto.

Nayataja haya kwa sababu moja. Katika wilaya zetu, swali la "huyu ni wa wapi?" si la mzaha. Laweza kumnyima mtu shamba, nyumba na watoto. Kwa hiyo hapana budi lijibiwe kwa ujuzi, si kwa minong'ono.

MWALIMU WA KASHASHA

Je, yuko mama mgeni aliyewahi kuwa kiongozi katika nchi hii? Yuko, tena historia yake ilianzia mkoani kwetu. Wazee wengi wa Bukoba na Muleba walimjua kwa jina la Mama Barbro.

Jina lake kamili lilikuwa Barbro Johansson. Alizaliwa nchini Sweden mwaka 1912, akaja Tanganyika mwaka 1946 kufanya kazi ya ualimu katika misheni. Alifundisha na kuongoza shule ya wasichana ya Kashasha, ambayo siku hizi imo katika Wilaya ya Muleba. Kumbukeni siku zile zilivyokuwa. Msichana kupelekwa shule ya bweni halikuwa jambo jepesi. Wazazi waliona kwamba binti akisoma atachelewa kuolewa, na mahari itapungua. Mkuu wa shule ya namna hiyo alikuwa na kazi mbili: kuwafundisha wasichana darasani, na kuwafundisha wazazi wao nje ya darasa. Zaidi ya hapo aliwafundisha watu wazima kusoma na kuandika, kazi ile ile tunayoifanya hapa leo.

Basi sasa sikilizeni jinsi alivyoingia katika siasa. Mwaka 1958 na 1959 ulifanyika uchaguzi wa kwanza wa Baraza la Kutunga Sheria. Serikali ya kikoloni iliweka masharti ya kura tatu: kila mpigakura alitakiwa amchague Mwafrika mmoja, Mwasia mmoja na Mzungu mmoja. Wanachama wengi wa TANU walitaka kuususia uchaguzi huo. Lakini katika mkutano wa Tabora, Januari 1958, iliamuliwa chama kishiriki, na uamuzi ule tunauita Uamuzi wa Busara. Ikiwa kura ni tatu, TANU ilihitaji kuunga mkono Waasia na Wazungu wanaokubali kwamba nchi hii ni ya wananchi wote. Mmoja wao alikuwa mwalimu wa Kashasha. Aliingia katika Baraza mwaka 1959. Baada ya Uhuru alichukua uraia wa nchi hii, akaendelea kuwa mbunge, na katika miaka ile ya 1960 akawa pia mkuu wa Shule ya Wasichana ya Tabora. Alifariki dunia mwaka 1999, na iko shule ya sekondari ya wasichana huko Dar es Salaam yenye jina lake.

Hakuwa peke yake. Marion Chesham alizaliwa Marekani, akaja na mumewe kulima huko Iringa baada ya vita vya pili vya dunia. Alikuwa mama wa shamba, anayejua bei ya mazao na taabu ya barabara mbovu. Alichaguliwa mwaka 1958 kwa kuungwa mkono na TANU, naye baada ya Uhuru akawa raia. Sophia Mustafa alizaliwa India, akakulia Kenya, akahamia Tanganyika mwaka 1948. Alichaguliwa mwaka 1958 katika Jimbo la Kaskazini, na baadaye akaandika kitabu juu ya siasa za siku zile.

Labda mtaniambia: "Mwalimu, hao walikuwa watu wakubwa. Chesham alikuwa mke wa lodi, na viti vyenyewe vilitengwa kwa rangi. Mama wa Kyerwa aliyevuka mto na kikapu kichwani atafanana nao wapi?" Ni kweli, hawafanani kwa mali wala kwa cheo. Lakini katika mambo matatu njia yao na yake ni moja. Walijulikana kwanza kwa kazi ambayo watu waliiona kwa macho. Halafu, wapigakura wengi walikuwa Waafrika, kwa hiyo ilibidi wakaombe imani ya watu ambao hawakuzaliwa nao. Na nchi ilipopata Uhuru, Barbro na Marion hawakubaki na mguu mmoja ndani na mmoja nje; walichukua uraia. Kazi, uraia na kura: hizo ndizo ngazi tatu. Tuzipande moja moja, hapa hapa kwetu.

NGAZI YA KWANZA: KAZI NA USHIRIKA

Wahenga walisema, mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Katika wilaya zetu jembe hilo huelekea kwenye migomba, maharage na kahawa. Na kahawa humpeleka mtu kwenye ushirika. Mwaka 1950 wakulima wa Bukoba waliunda chama kikuu cha BNCU, ambacho baadaye kikawa KCU. Mwaka 1976 Serikali ilivivunja vyama vikuu vyote, na sheria ya mwaka 1982 ikavirudisha. Mwaka 1990 Karagwe ikapata chama kikuu chake, KDCU, ambacho vyama vya msingi vya Karagwe na Kyerwa ni wanachama wake.

Chama cha msingi ni shule nzuri ya uongozi. Mjumbe wa bodi hujifunza kusoma mizani na kuhakikisha kila mkulima anapewa stakabadhi. Hujifunza kuitisha mkutano mkuu, kusoma hesabu mbele ya watu, na kujibu swali la mwanachama mwenye hasira bila yeye kukasirika. Hujifunza pia kupambana na butura, yaani ile desturi mbaya ya kuuza kahawa ikiwa bado mtini kwa bei ya kutupa kwa sababu mtoto ni mgonjwa au ada ya shule inadaiwa. Mama anayeweza kuanzisha mfuko mdogo wa kukopeshana, ili jirani yake asiuze kahawa kwa butura, huyo amekwisha kuwa kiongozi wa uchumi hata kama hana cheo.

Lakini ipo taabu moja. Mke ndiye apaliliaye kahawa, ndiye aivunaye na kuianika. Lakini jina lililo katika daftari la chama mara nyingi ni la mume, kwa kuwa shamba ni la mume. Asiye mwanachama hachaguliwi kuwa mjumbe wa bodi. Kwa hiyo mlango wa ushirika umefungwa na ufunguo uitwao ardhi.

Juu ya ardhi sheria imesogea mbele. Mwaka 1990 Mahakama Kuu iliyokaa Mwanza ilitoa hukumu katika kesi iliyotoka Bukoba. Holaria Pastory alikuwa ameuza shamba la ukoo alilorithi kwa baba yake, na ndugu wa ukoo akapinga akisema kwa mila mwanamke hana haki ya kuuza. Jaji Mwalusanya aliamua kwamba mwanamke ana haki hiyo sawa na mwanamume. Na Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 yatamka kwamba haki ya mwanamke kupata, kumiliki na kutumia ardhi ni sawa na ya mwanamume.

Sasa angalieni, hapa ndipo mama mgeni anapokwama. Haki hiyo ni ya mwanamke aliye raia. Sheria za mwaka 1999 hazimpi asiye raia ardhi ya kumiliki, isipokuwa kwa ajili ya uwekezaji uliokubaliwa na Serikali. Basi asiye raia hana shamba kwa jina lake. Asiye na shamba si rahisi awe mwanachama wa chama cha kahawa. Na asiye mwanachama haongozi. Kwa hiyo tupande ngazi ya pili.

NGAZI YA PILI: URAIA

Nawaomba mtulie hapa, maana ndipo penye kosa kubwa. Akina mama wengi huamini kwamba kuolewa na Mtanzania ni kuwa Mtanzania. Sivyo. Ndoa haikupi uraia. Ndoa yakupa haki ya kuuomba.

Sheria ya Uraia ya mwaka 1995 yasema kwamba mwanamke aliyeolewa na raia wa Tanzania ana haki ya kuandikishwa kuwa raia akiomba kwa utaratibu uliowekwa, wakati wowote mume akiwa hai. Yatieni moyoni maneno hayo: mume akiwa hai. Mama aliyekaa miaka 30 bila kuomba, mume akafariki, hawezi tena kupita katika mlango huo. Itambidi apite katika mlango mrefu wa wageni wote. Hapo atatakiwa awe amekaa nchini miezi 12 mfululizo kabla ya kuomba, na katika miaka 10 iliyotangulia miezi hiyo awe amekaa jumla ya miaka isiyopungua 7. Tena ajue Kiswahili au Kiingereza, awe na mwenendo mwema, na awe na nia ya kuendelea kuishi hapa.

Maombi huanzia ofisi ya uhamiaji ya wilaya, hupitia mkoani, na uamuzi ni wa Waziri mwenye dhamana ya mambo ya ndani. Mwombaji akikubaliwa hula kiapo cha utii, na huukana uraia wake wa kwanza, kwa kuwa sheria yetu haimruhusu mtu mzima kuwa na uraia wa nchi mbili. Huo ni uamuzi mzito. Mama aupime pamoja na mumewe na watoto wake, asisukumwe na mtu.

Nataka pia kuondoa makosa mawili. La kwanza: kadi ya mpigakura si uraia. Mtu aliyeipata bila kuwa raia hana alichopata ila hatari ya kushitakiwa. La pili: mtoto aliyezaliwa hapa nchini na baba au mama aliye raia ni raia wa kuzaliwa. Mama akiwa hana karatasi, mtu asimwambie mwanawe kwamba naye ni mgeni.

NGAZI YA TATU: KURA NA BARAZA

Mama akisha kuwa raia, aweza kuchaguliwa. Sheria yataka kwamba Rais awe raia wa kuzaliwa. Haitaki hivyo kwa mwenyekiti wa kijiji wala kwa diwani. Anayegombea udiwani awe raia, awe ametimiza miaka 21, ajue kusoma na kuandika Kiswahili au Kiingereza, awe mkazi wa eneo la halmashauri ile, tena awe mwanachama wa chama cha siasa na kupendekezwa nacho. Viongozi wa vijiji huchaguliwa kila baada ya miaka 5. Mara ya mwisho walichaguliwa Novemba 2024, na madiwani Oktoba 2025. Kwa hiyo anayeanza kutafuta karatasi zake leo ana muda wa kutosha.

Halmashauri ya kijiji ina wajumbe 15 hadi 25, na baadhi ya nafasi hizo ni za wanawake. Katika halmashauri ya wilaya, mbali na madiwani wa kata, wapo madiwani wanawake wa viti maalum wasiopungua theluthi moja. Mama aliyezoea hesabu za ushirika hatapotea katika kamati ya fedha. Atajua kuuliza: ushuru wa mazao uliokusanywa ni kiasi gani, na umejenga nini?

Nawapa mfano mmoja wa kazi ya diwani inayogusa kapu la mama. Sheria yazitaka halmashauri zitenge asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: asilimia 4 kwa vikundi vya wanawake, 4 kwa vijana, na 2 kwa watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisimamishwa mwaka 2023 ili utaratibu utengenezwe upya, ikarudi mwaka 2024. Diwani aliyewahi kuuza kahawa kwa butura anajua vizuri kuliko mtaalamu yeyote ni mwezi gani mkopo ukichelewa hauna faida tena.

TAHADHARI

Mfanyabiashara anapoingia katika baraza huingia na majaribu yake. Mwenye duka la saruji asiamue nani apewe zabuni ya kujenga darasa. Diwani mwenye maslahi katika jambo linalozungumzwa anatakiwa ayaseme wazi na asilipigie kura. Tena sheria ya maadili yamtaka atoe tamko la mali na madeni yake. Kwa aliyehamia, jambo hili lina uzito mara mbili. Mwenyeji akikosa, watu husema fulani amekosa. Mgeni akikosa, watu husema wageni ndivyo walivyo. Hiyo si haki, lakini ndivyo tulivyo. Basi na awe mwangalifu, na sisi tujirekebishe.

Na ninyi wenyeji, msidhani kwamba nimesema kila avukaye mto apewe kiti. Sheria imeweka mlango, na mlango una bawabu. Nisemalo ni hili: bawabu ni sheria. Sauti itokayo nyuma ya mkutano si bawabu. Sisi twampa mgeni kahawa ya kutafuna kabla hatujamwuliza habari za safari. Huyu aliyekaa nasi mpaka akawa mama wa watoto wetu, tunawezaje kumwuliza swali kwa namna ya kumfunga mdomo? Aulizwe ofisini, kwa heshima, na akijibu kwa karatasi, basi swali liishe.

Nilirudi kwa yule mama na jibu langu. Tulikaa barazani pamoja na mumewe, ambaye sasa ni mzee wa mkongojo. Nilipofika kwenye maneno "mume akiwa hai", mzee alinyamaza kidogo, kisha akamwambia mkewe, "Basi Jumatatu twende, nisije nikakuacha nje." Jumatatu ile walikwenda ofisi ya uhamiaji wakachukua fomu. Jibu la maombi bado halijatoka, na sina uwezo wa kuwaahidi litakuwaje. Lakini daftari la kikundi bado liko mikononi mwake, na wenzake wanangoja pamoja naye.

MASWALI YA KUZUNGUMZA KATIKA KIKUNDI

1. Kwa nini ndoa peke yake haimfanyi mama kuwa raia? Ni neno gani la sheria linaloonyesha kwamba asikawie?

2. Katika chama chenu cha msingi, wanawake wangapi wameandikwa kwa majina yao? Ni nini kinachowazuia wengine?

3. Katika kijiji chenu, je, wapo watu wanaonyamazishwa kwa swali la "huyu ni wa wapi?" Ni njia gani ya haki ya kulijibu?

4. Ni mambo gani ambayo kiongozi wa ushirika hujifunza, yatakayomsaidia akiwa diwani? Ni mambo gani ambayo hapana budi ayaache mlangoni?

Makatibu, andikeni majibu yenu wazi, na mwenye mashaka juu ya karatasi zake asiende kwa mtu wa njiani anayedai pesa. Aende ofisi ya uhamiaji ya wilaya.